Wanaokaa kwa Zamu

Benchi la pale kona lilikuwa na miguu mitatu ya mti na wa nne wa tofali, na bado lilibeba wanaume wazima wanne kila alasiri, mwaka nenda mwaka rudi. Wembe, kinyozi, alikaa karibu na mlango wa banda lake ili mteja akitokea amwone. Karani, mzee aliyestaafu kazi ya kuandika maneno ya watu mahakamani, alikaa katikati, mgongo wima, kana kwamba hakimu bado hajatoka. Gia, dereva wa lori aliyebaki bila lori, alikaa upande wa tofali, kwa kuwa alidai kwamba chombo kisichoyumba kinamtia kizunguzungu. Wa nne ni Cheche, fundi wa kuchomelea, mwenye vitundu vya moto kwenye kila shati alilowahi kulivaa na hasira za karibu kama kiberiti. Mbele yao jiko la makaa, birika juu yake, na nyuma ya birika muuza kahawa mwenyewe, mtu ambaye angeweza kumaliza juma zima kwa maneno matano. Maneno mengine yote walimsaidia kuyasema.

Siku hiyo Cheche alifika uso umebonyea kama bati lililokanyagwa na lori. Hata salamu hakutoa.

— Mke wangu hagombi tena, akasema.

Wenzake wakatazamana.

— Hebu rudia, akasema Wembe. Watu wanapiga magoti wapate hiyo neema, wewe unatuletea hapa kama maradhi?

— Ni maradhi! Sikilizeni. Jana nimeingia na viatu vyangu vya kazi. Sakafu imepigwa deki, inang'aa. Nimekanyaga vumbi la chuma kutoka mlangoni mpaka chumbani. Mnajua kasemaje? "Pole na kazi, mume wangu." Kisha akachukua tambara, akapangusa. Huku anaimba.

— Anaimba? Gia akageuka mwili mzima, benchi likalia. Anaimba nini?

— Sijui anaimba nini. Anavuma, kama nyuki aliyeshiba. Na si jana tu. Ni wiki kadhaa sasa. Ninachelewa kurudi, hagombi. Ninasahau kuleta mkaa, hagombi. Juzi nimemwagia mchuzi shuka, mimi mwenyewe nikajigombeza, maana nyumba ilikuwa kimya mno.

Ili mtu aelewe kwa nini kimya kilimkosesha mtu huyu raha, lazima ajue kelele zilikuwa za nini. Cheche na mkewe walikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, wa miaka saba. Mtoto huyo hakutembea, hakukaa bila kushikwa, hakusema. Alicheka kwa mwili mzima na kukasirika kwa mwili mzima, na kijiko kimoja cha uji kilimchukua muda ambao mtu mwingine angemaliza sahani. Mtindio wa ubongo, walisema hospitalini. Alichelewa kuvuta pumzi siku aliyozaliwa. Nyumbani walimwita Bosi, kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa mfanyakazi wake. Na mfanyakazi mkuu alikuwa mama yake: kumwogesha, kumgeuza, kumlisha, kumbeba mgongoni kwenda kwenye mazoezi na kumrudisha, na Bosi anazidi kurefuka wakati mgongo wa mama haurefuki. Mwanamke wa namna hiyo ana haki ya kugomba. Ndiyo likizo pekee aliyopewa.

Kijiweni palikuwa na sheria moja tu, na ilipatikana kwa gharama. Zamani mtu mmoja aliwahi kukaa pale akaanza kueleza ni mkosi gani huleta mtoto kama yule. Cheche alimvika kikombe cha kahawa, pamoja na kahawa yake. Tangu hapo watu walijadili serikali, ndoa, mpira na mwisho wa dunia, lakini hakuna aliyethubutu kujadili kwa nini Bosi ni Bosi.

Lakini mama Bosi hakuwemo kwenye sheria.

— Mimi nitakwambia kweli, akaanza Wembe, akifuta mikono kwenye koti lake la kazi. Mteja anayelalamika, "umeniparua, umeninyoa upande mmoja juu mmoja chini", huyo ni wangu mpaka kaburini. Siku akinyamaza, akajitazama kwenye kioo, akasema "ahsante sana", ujue ameshapata kinyozi mwingine.

— Wembe!

— Nasema habari za vichwa tu, ndugu yangu. Vichwa.

— Hapana, hapana, akasema Gia. Hili ni jambo la injini. Injini inayogonga ina uhai. Unaisikia, unajua ugonjwa uko wapi. Sasa ikiacha kugonga yenyewe, bila fundi, usifurahi. Egesha pembeni. Hatua inayofuata ni moshi.

Karani alikuwa akingoja wamalize. Alipiga funda, akameza, akaweka kikombe chini kwa heshima zake zote.

— Nimekaa mahakamani maisha yangu yote, akasema. Mtu anayepiga kelele hana kesi. Mwenye kesi hunyamaza. Anakusanya. Viatu vichafu, ameandika kichwani. Mkaa, ameandika. Mchuzi kwenye shuka, hicho ni kielelezo. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Na kisima kinaingiaje hapa, mzee? akauliza Wembe.

— Kisimani kuna nini?

— Maji.

— Kabla ya maji.

— Sijui.

— Kimya, akasema Karani, na akanywa tena kama mtu aliyekwisha kutoa hukumu.

Cheche akaguna. Alikuwa na jambo lingine, na lilikuwa linamchoma kuliko hilo la kwanza.

— Halafu kile kiti changu hakipo.

Hapo wote wakainamisha vichwa kidogo, maana habari ya kiti waliijua. Cheche alimtengenezea Bosi kiti kwa mikono yake, kwa mabomba ya mraba, kila pembe imepimwa, kila kiungo kimechomelewa na kupigwa msasa mpaka ukitelezesha kidole husikii pa kukwama. Kiti cha mfalme. Kosa lilikuwa moja, na ni fundi chuma peke yake angeweza kulifanya: alipima chuma, hakumpima mtoto. Walipomkalisha, Bosi aliteremka polepole kama uji unavyoteremka mwikoni, akaishia chini ya kiti akiwa anacheka. Mkewe naye alicheka, kisha akalia, kisha wakagombana. Kiti kikawa cha kuwekea ndoo.

— Kimetoka lini? akauliza Karani, akijiweka sawa.

— Sijui. Ndoo ziko chini. Nimeziona asubuhi.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Karani kwa sauti ya msiba. Anahama. Leo kiti, kesho kabati. Siku moja utarudi ukute kuta.

— Anahama na kiti kisichokalika? Wembe akashangaa.

— Ndiyo ujanja wenyewe. Anaanza na kile ambacho hukitazami.

Gia alikuwa akihangaika na kikombe chake, akikizungusha kama usukani kwenye kona mbaya.

— Aah... mimi nilidhani unajua, akasema.

— Najua nini?

— Kiti nilikiona.

— Wapi?

— Kichwani pa shemeji. Miguu juu, kama kondoo aliyekufa. Na mtoto mgongoni. Nikasema nimsaidie, lakini unajua goti langu.

— Gia, achana na goti! Alikuwa anakwenda wapi?

— Kule nyuma ya duka la rangi. Kwa fundi makochi.

Fundi makochi alikuwa mjane, mnene, mpole, mwanamume anayeongea na watu kana kwamba kila mmoja ana homa. Kosa lake kubwa mtaani lilikuwa kwamba alinukia sabuni.

— Na si siku ya kiti tu, akaendelea Gia, maana ulimi ulikuwa umeshashuka mteremko na breki hakuna. Huwa anaingia pale mara nyingi. Nami huwa napita tu, kunyoosha goti. Dirisha liko wazi. Anakaa.

— Anakaa? Anafanya nini?

— Ndiyo nakwambia. Anakaa. Kwenye kochi. Hashoni, hanunui, haulizi bei. Ameegemea, ameweka miguu juu ya kibao, anatazama dari.

— Anatazama dari ya mtu! akasema Karani. Mgaagaa na makochi hali wali mkavu.

— Ni upwa, mzee. Mgaagaa na upwa.

— Na upwa ni nini kama si kochi la bahari? Usinifundishe methali, nimezaliwa nazo.

Cheche alisikia masikio yakipata moto. Akajaribu kumfikiria mkewe ameweka miguu juu ya kitu. Akashindwa. Katika kumbukumbu zake zote mwanamke yule alikuwa amesimama, ameinama, au amechuchumaa. Hata usingizini alilala ubavu mmoja, mkono umeshikilia ubavu wa Bosi, kama mtu anayelala juu ya ukuta.

— Lakini ngoja kwanza, akasema Wembe, ambaye mara moja moja akili yake ilipita karibu na ukweli bila kuusalimia. Nani anakwenda kwenye mambo hayo mchana, dirisha wazi, na mtoto wa miaka saba mgongoni? Na nimewaona wengine pia. Si shemeji peke yake. Wanawake kadhaa, kila mmoja na mtoto wake. Mmoja ana yule binti mwenye vyuma miguuni. Wanaingia pale wamekunjamana. Wakitoka, wanacheka.

— Wanacheka? akauliza Cheche.

— Kucheka kwa kushikana mabega! Yule mmoja ilibidi aegemee ukuta wangu.

— Mke wangu anacheka?

— Yeye ndiye anayewachekesha.

Neno hilo lilimkaa Cheche vibaya kuliko la kochi. Mwanamume anaweza kupigana na kochi. Lakini mke wake alikuwa mchekeshaji, ndivyo alivyomwoa, alimwoa kwa sababu hiyo tu, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho kichekesho chake kimoja kilimfikia yeye.

Wenzake hawakuona. Walikuwa wamenusa mada nono.

— Gundi! Gia akapiga paja. Gundi ya makochi! Inalevya, hamjui? Nilibeba shehena yake wakati fulani, madirisha yamefungwa. Nilicheka njia nzima. Nilicheka mpaka kwenye mzani, askari akanicheka, tukacheka wote. Yule bwana anawanusisha wake za watu gundi!

— Na watoto?

— Watoto wanalazwa kwenye masponji. Nimewaona kwa macho yangu. Vipande vya sponji sakafu nzima, watoto wamepangwa juu yake wanabingirika kama maembe.

— Nyote mmekosea, akasema Karani, akasimama kabisa, jambo ambalo hutokea mara chache. Tazameni ushahidi. Wanawake wengi. Siku maalumu. Mahali pa siri. Wanaingia na huzuni, wanatoka na furaha. Hicho ni chama.

— Chama cha nini?

— Cha mashtaka. Kesi ya pamoja! Wanatuandalia kesi moja, dhidi ya wanaume wote wa mtaa huu. Wakishamaliza kuandika, utaona karatasi zinakuja nyumba kwa nyumba.

— Mimi sina mke, akasema Wembe kwa wasiwasi. Nimo?

— Umo. Kwa kusaidia. Unawanyoa.

— Ala!

— Na kiti, akamalizia Karani, kiti ni cha mwenyekiti.

Hata muuza kahawa alitoa sauti, ingawa haikujulikana kama ni kicheko au kikohozi. Cheche peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama.

— Nakwenda.

— Wapi?

— Kule. Nikamwulize mbele ya huyo mnuka sabuni. Mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu. Kama anahama, ahame nikiona.

— Na nyundo ya nini? akauliza Wembe.

Cheche akatazama mkono wake. Nyundo ilikuwemo kweli.

— Imekuwa mkononi tangu asubuhi. Nimesahau kuiweka.

— Iweke, ndugu yangu. Ukiingia nayo kwa watu hawatasikia maelezo.

— Mwacheni, akasema Karani. Penye nia pana njia.

— Mzee, hiyo si ya kumtuma mtu na nyundo!

Walikuwa bado wanavutana, Wembe ameshika mkono, Gia ameshika shati, pale mwanamke mmoja alipotokea upande wa barabara kuu na kusimama mbele yao. Hawakuwahi kumwona. Alikuwa kijana bado, lakini ametembea mwendo mrefu. Viatu vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Mgongoni alibeba msichana mkubwa, mkubwa kuliko migongo inavyoruhusu, miguu ikining'inia karibu na magoti ya mama, kichwa kimelala begani huku mdomo ukiacha mate kidogo kwenye kitenge.

— Hamjambo, kaka zangu. Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu, akasema Karani, akakaa.

— Samahani. Ndiyo hapa?

— Hapa wapi, dada? akauliza Wembe.

— Wanapokaa kwa zamu.

Wembe akamgeukia Karani, Karani akamgeukia Gia. Mwanamke akadhani hawakusikia, akapandisha mtoto kwa kiuno, akaeleza vizuri.

— Nilikutana na dada mmoja kwenye foleni ya mazoezi ya watoto. Nilikuwa nimesinzia nimesimama, akanishika kabla sijaanguka. Akanicheka! Nikataka kukasirika, nikajikuta nacheka naye. Akaniambia, wewe unahitaji kukaa. Nikamwambia, nikikaa huyu nimpe nani? Akasema, kwetu kuna mahali, karibu na kona yenye kahawa, sisi akina mama wa watoto hawa tunakaa kwa zamu. Nusu yetu tunawashika watoto wote, nusu tunakaa. Kukaa tu. Hatuulizwi kitu. Halafu tunabadilishana. Kasema mara ya kwanza nitalia, nisijali, kila mtu hulia. Mara ya pili nitalala. Mara ya tatu ndiyo nitaanza kucheka.

Mkono wa Gia uliachia shati.

— Huyo dada, akasema Cheche, na sauti yake ilikuwa imepungua, mtoto wake... mvulana? Mrefu? Akicheka anacheka mpaka vidole vya miguu?

— Huyo huyo! Wanamwita Bosi. Mnamfahamu?

— Kidogo, akasema Cheche.

— Ana roho nzuri sana yule mama. Nikamwuliza, na mume wako anasemaje? Akasema hajamwambia. Akasema mume wake si mtu mbaya, anamhangaikia sana mtoto, ila yeye hahitaji mahali. Ana benchi lake.

Wembe akaanza kutafuta kitu mifukoni ambacho hakikuwemo. Yule mwanamke akawatazama mmoja mmoja, akaona vikombe, akaona walivyojiegemeza ukutani, akaona tofali lilivyokwisha kuzama ardhini kwa uzito wa miaka yote ile. Uso wake ukalegea kwa matumaini.

— Kwa hiyo ninyi ndio zamu ya wanaokaa, akasema.

— Sisi... tunakaa, akakiri Karani. Lakini si kwa zamu hasa. Sisi tunakaa tu.

— Kila siku?

— Kila siku.

— Mpaka saa ngapi?

— Inategemea na mazungumzo.

Alitikisa kichwa kwa mshangao, mshangao wa mtu aliyefika kwa matajiri. Kisha akauliza, bila hila, kwa sababu alitaka kujua ampeleke wapi wa kwake:

— Na watoto wenu mmewaacha na nani?

Karani alifungua kinywa. Methali zote alizozaliwa nazo zilikuwa zimetoka matembezini. Alikuwa na watoto sita, wakubwa sasa, na alijaribu kukumbuka walikuwa na nani miaka yote ile aliyokaa pale. Jibu lilikuja mara moja, akalimeza. Gia alitazama goti lake. Wembe, asiye na mtoto anayemjua, alimtazama muuza kahawa, na muuza kahawa akatazama ndani ya birika.

Cheche naye alikuwa na jibu, tena la neno moja. Alikumbuka jioni moja, mkewe amesimama mlangoni na Bosi begani, akamwambia, "Nimechoka, baba Bosi." Naye akajibu, "Hata mimi nimechoka," akavaa kandambili, akaja hapa. Ilikuwa kweli, alikuwa amechoka. Ila mmoja wao alikuwa na mahali pa kwenda nao uchovu wake.

— Si hapa, dada, akasema hatimaye. Ni nyuma ya duka la rangi, kwa fundi makochi. Nitakupeleka.

— Ni mbali?

— Hapana. Hatua chache.

— Aah, akasema yule mwanamke, na zile hatua chache zikamshinda. Magoti yake yalikuwa yameshaona benchi. Basi naomba nishikieni kidogo tu, nivute pumzi.

Akafungua fundo la kitenge, akamgeuza binti kwa mbele, na kwa kuwa Cheche ndiye aliyekuwa amesimama, akamkabidhi Cheche. Nyundo ikaanguka mchangani. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe nyuma ya shingo ya mtoto, wa kushoto chini ya magoti. Bosi humshika hivyo hivyo, kila Ijumaa, mama yake akienda kusuka. Msichana alikaza mwili, akamkagua, akaona ndevu, akaamua kuzivuta.

Mama akakaa pale Cheche alipokuwa akikaa. Muuza kahawa akammiminia kikombe bila kuulizwa. Hakukigusa. Alianza kulia, kama alivyoambiwa, bila sauti, akijipangusa kwa ncha ya kitenge. Kisha akarukia mara ya pili moja kwa moja, akalala papo hapo, kichwa ukutani, mdomo wazi.

— Amelala, akanong'ona Gia.

— Tunaona.

— Sasa tufanyeje?

— Tunyamaze, akasema Cheche.

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo kijiweni. Walinyamaza. Mteja alikuja kwa Wembe, Wembe akampungia mkono arudi baadaye. Pikipiki ilipita, Karani akaikemea kwa kidole. Cheche alitembea mbele ya benchi, kwenda na kurudi, na mzigo wake unaomvuta ndevu, shingo imeanza kumuuma upande mmoja.

Ndivyo mkewe alivyomkuta. Alitokea nyuma ya duka la rangi na Bosi mgongoni, mwenzake mmoja nyuma yake amebeba kile kiti, sasa kimejaa sponji ya kijani kila upande. Akamwona mumewe na mtoto asiye wake. Akasimama. Tabasamu alilokuwa nalo likajificha haraka, kama mtu aliyekamatwa.

— Kuna nini? akauliza.

— Polepole. Kuna mtu amelala.

Akamtazama aliyelala, akamfahamu.

— Kwa hiyo amekwambia.

— Kwa nini hukuniambia wewe?

— Ningekwambia nini? Kwamba nakwenda kukaa? Ungesema nini?

Cheche alikuwa mtu wa kusema kweli, hata ilipomgeukia.

— Ningesema hata mimi nimechoka.

— Ehe.

Wakabaki wanatazamana, kila mmoja na mtoto. Kisha Cheche akageukia benchi.

— Gia. Inuka.

— Mimi? Goti...

— Inuka, utamshika Bosi.

— Mimi sijui kumshika!

— Mama yake naye hakuzaliwa anajua. Inuka! Na wewe Wembe, mpokee huyo dada kiti cha Bosi, ulete karibu. Mzee, samahani, sogea kidogo, mama Bosi akae.

Karani akasogea. Mama Bosi hakutaka. Alisema ana vyombo, ana nguo kambani, ana uji wa kupika. Alisema zamu yake ya kukaa imekwisha, leo ameshakaa, si haki kwa wenzake. Alisema yote hayo huku mumewe akimfungua mtoto mgongoni kwa mkono mmoja na kumkabidhi Gia, aliyepokea kama anayekabidhiwa taa iliyowaka. Mwishowe hakuwa na kitu mgongoni wala mkononi, na mtu wa namna hiyo, akiwa karibu na benchi, hukaa.

Akakaa. Muuza kahawa akampa kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, akafumba macho.

Bosi alimtazama Gia. Midomo ikaanza kutetemeka.

— Cheche! Anataka kulia huyu. Nifanyeje? Uji anakunywa moto au wa vuguvugu? Anaimbiwa? Anaimbiwa nini?

Cheche akafungua kinywa kujibu, akagundua hajui wimbo ule ni upi. Akageuka amwulize mkewe. Alikuwa ameegemea ukuta bega kwa bega na yule mgeni, miguu ameinyoosha mpaka karibu na jiko, viatu amevivua.

— Basi, akasema Cheche. Usimwulize mtu. Mlete huku, tutajaribu nyimbo zote.